Kaburi Refu la Mzee Chatu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walikuwa na makanisa mengi kuliko visima. Msicheke. Ndivyo ilivyokuwa katika kijiji cha Tandikeni: makanisa matatu, kisima hakuna hata kimoja.

Kanisa la Kilimani lilikuwa la Baba Askofu Tembo. Huko waliimba polepole, kwa kitabu, na kengele yao ilisikika mpaka kijiji cha pili. Kanisa la Bondeni lilikuwa la Mchungaji Kiboko, ambaye hakukubali kwamba mtu amebatizwa mpaka azame na masikio yote mawili. Na Kanisa la Mitini lilikuwa la Nabii Nyani. Kule ni ngoma, vigelegele na kuruka mpaka matawi yanavunjika, kwaa!

Wote walimpenda Mungu. Jirani ndiye aliyewashinda.

Sasa sikilizeni habari ya maji. Kijiji kizima kilikunywa kwenye dimbwi moja, na dimbwi lenyewe lilikuwa limeoza. Juu lilikuwa la kijani, na chini sijui rangi gani, maana hakuna aliyepaona. Ng'ambo ya kijiji kulikuwa na chemchemi ya maji safi, baridi, yakipotelea mchangani bure. Katikati palikuwa na tuta la udongo mgumu. Tuta tu, si mlima! Mfereji mmoja ungetobolewa pale, maji yangeshuka yenyewe mpaka mlangoni kwa watu.

Nani achimbe? Hapo ndipo penye kazi.

Mama Pimbi alikuwa mjane, na umbo lake halikuzidi chungu cha mboga. Alikaa kwenye mawe karibu na dimbwi na binti yake mmoja tu, Nyamizi. Mwezi mzima alikwaruza tuta lile kwa kucha zake. Kucha zilikwisha, tuta halikuona haya. Ila alijua vipimo vyake vyote, kwa kuwa alikuwa amepima kwa fimbo: maji yalihitaji mfereji wa kina cha futi tano, kutoka ukingo huu wa tuta mpaka ule.

Jumanne moja Nyamizi aliamka ameshika tumbo.

"Mama, linakata."

"Linakata wapi?"

"Kote."

Mpaka saa sita mchana mtoto alikuwa ameshakwenda kichakani mara saba. Macho yakazama, ngozi ikalegea. Mama Pimbi aliujua ugonjwa huo. Kifaranga wa jirani yake Kanga alianza hivyohivyo. Jumatatu alishika tumbo, Alhamisi wakamzika.

"Mama, kiu."

"Ngoja mwanangu, usinywe ya dimbwini! Nakimbia chemchemi."

Akachukua kibuyu, akapanda tuta mbio, tititi tititi, akateka, akarudi anahema. Lo! Akamkuta Nyamizi midomo yake imelowa, na kwenye kidevu kuna ukijani.

"Umekunywa wapi, Nyamizi?"

"Kiu, mama," alisema mtoto, akaanza kulia.

Mama Pimbi hakumgombeza. Mtoto mwenye kiu hangojei kibuyu. Alikaa chini akamwinua kichwa na kumnywesha kidogokidogo, na moyo wake ulikuwa ukipiga ndi! ndi! ndi! kama ngoma ya Mitini.

Mtaniuliza, kwani hakuwaambia wakubwa? Aliwaambia! Aliitisha mkutano wa makanisa yote, tena si mara moja.

Mkutano wa kwanza ulikufa kwa sala ya kufungua. Baba Askofu Tembo alisema yeye ndiye mkubwa, hivyo atafungua. Akaomba mpaka umande ukakauka. Aliposema Amina, Mchungaji Kiboko akakohoa, akasema, "Sala nzuri, ila haikuwa na toba. Naomba nifungue upya." Akafungua upya. Nabii Nyani naye akaruka juu ya benchi: "Hiyo nayo haina moto! Simameni!" Wakasimama. Mkutano ulipokuwa umefunguliwa sawasawa, jua lilikuwa linazama, ikabidi ufungwe. Nani afunge? Wakaondoka wamenuniana.

Mkutano wa pili waligombania jina la mfereji, na mfereji wenyewe haujachimbwa. Wa tatu alifika Mama Pimbi peke yake, kwa sababu kila kanisa lilikuwa limeazimia kwamba wenzao watangulie kufika.

Jumanne ile, huku akimpepea Nyamizi kwa jani, Mama Pimbi aliwaza: niwaite tena? Kwa mkutano wa nne? Mpaka wamalize kufungua, mwanangu atakuwa wapi?

Ndipo akakumbuka mazishi ya kifaranga wa Kanga.

Siku ile hakuna aliyeitwa. Kilio kilisikika tu, na jua halijapanda walikuwa wamefika wote. Tembo alikuja na sululu, Kiboko na koleo, Nyani na jembe begani. Akina mama wa makanisa yote walikuja na kuni, unga na sufuria. Hakuna aliyeuliza nani afungue. Kaburi lilichimbwa kabla uji wa waombolezaji haujapoa. Maana pale Tandikeni, kama kwenu na kwetu, asiyekwenda kwenye msiba wa mwenziwe, siku yake atazikwa na nani?

"Kumbe majembe wanayo," Mama Pimbi alisema peke yake. "Kumbe na mikono wanayo."

Akainua macho akatazama tuta. Na juu ya tuta, wanangu, alikuwa amelala Mzee Chatu.

Mzee huyu alikuwa muumini wa makanisa yote matatu. Sikukuu ikiwa Kilimani, yeye ni wa Kilimani. Ikiwa Mitini, anacheza mpaka mkia unatoa vumbi. Jumapili iliyopita ilikuwa sikukuu ya mavuno kule Bondeni, naye alimeza sufuria tatu za ugali, dengu zote, na mwiko. Kisha akajikokota mpaka juu ya tuta, akajinyoosha juani, akalala. Kichwa kilitazama chemchemi, mkia ulielekea dimbwi, na mwili ulilivuka tuta lote, ukingo mpaka ukingo. Na Chatu akishiba hulala mgumu, baridi, haguni wala hageuki. Hulala siku nne, tano. Mara moja tu aliwahi kuamka siku ya tatu.

Jumatano ingekuwa siku ya tatu.

Kulipokucha, Mama Pimbi alimbeba Nyamizi mgongoni, akapiga hodi kwa Kanga.

"Dada Kanga, nataka unililie msiba."

"Yarabi! Msiba wa nani?"

"Wa Mzee Chatu."

"Kafa?"

"Hajafa. Ameshiba."

Kanga alirudi nyuma hatua mbili. "Mama Nyamizi, kumlilia mzima ni mkosi! Nani kakutuma?"

"Naogopa kuliko wewe, dada. Miguu yangu hii, itazame. Wakinigundua, Tembo atanikanyaga hata asijue amekanyaga nini. Lakini mwanangu ameshika tumbo tangu jana."

Kanga alimtazama Nyamizi pale mgongoni, kichwa kimelala upande, macho nusu.

"Tangu jana?"

"Tangu jana asubuhi."

Kanga akamgusa mtoto shingo kwa ubawa. Kisha akasema, "Chatu sitamlilia. Nitamlilia wangu. Bado sijamaliza."

Akapanda tuta, akafungua kinywa. "Uwiii! Uwiiiii! Mwanangu weee!" Kilio kile kilikuwa cha kweli, na kila aliyekisikia kijijini aliacha alichokuwa anafanya.

Ngo! ngo! ngo! kengele ya Kilimani ikajibu. Haukupita muda, vumbi likatimka njia zote tatu. Tembo na sululu, Kiboko na koleo, Nyani na jembe, na nyuma yao waumini wao. Akina mama wakaweka mafiga, wakawasha moto.

"Nani ametutoka?" aliuliza Tembo.

"Mzee Chatu, Baba Askofu," alisema Mama Pimbi. "Hatunaye."

"Ooo! Mwanakondoo wangu!" alilia Tembo. "Huyu mimi ndiye niliyempa kipaimara."

"Kipaimara kitu gani?" alisema Kiboko. "Mimi nilimbatiza. Alikuwa wa Bondeni."

"Aliokoka kwangu!" alipiga kelele Nyani. "Tena asimguse mtu! Nipeni nafasi, namfufua!"

Akarukia kichwa cha Chatu, akakishika kwa mikono miwili, tayari kukitikisa. Mama Pimbi akaruka mbele. Akitikiswa ataamka, akiamka yameisha!

"Nabii!" alisema haraka. "Nabii, kufufua ni kwema. Lakini ukimfufua sasa hivi, si Kilimani watasema hakufa?"

Nyani akasimama. "Watasema hivyo?"

"Hata mimi ningesema," alisema Tembo.

"Basi kaburi lichimbwe kwanza, Nabii. Awe ukingoni kabisa, amebakiza kusukumwa. Muujiza wa hapo nani ataukana?"

Nyani alikuna kidevu. Akakiachia kile kichwa, kikaanguka pu! Chatu hakugutuka.

Sasa lichimbwe wapi? Kumbeba haikuwezekana, hata Tembo alijaribu mkia tu akaguna. Ikakubaliwa kaburi lichimbwe hapohapo ubavuni mwake, tangu kichwa mpaka mkia. Na kaburi la heshima ni futi sita, msisahau. Maji yalitaka tano.

Lakini nani achimbe upande gani? Duh! Wote walitaka kichwani. Tembo alisema kichwani pana heshima. Kiboko alisema hivyohivyo. Nyani alisema Roho amemwonyesha kichwani. Sauti zikaanza kupanda, na Mama Pimbi aliona mkutano wa nne unazaliwa mbele ya macho yake. Nyamizi mgongoni akanong'ona, "Mama, kiu," na mwili wake ulikuwa wa moto.

"Wazee wangu!" alisema Mama Pimbi, sauti ikimkatika. "Kichwa kilizamishwa na nani?"

"Na mimi," alisema Kiboko.

"Basi kichwa ni cha Bondeni. Tumbo je? Lilikula wapi miaka yote, kama si Kilimani siku za Pasaka? Tumbo ndilo kubwa, Baba Askofu, linataka mwenye nguvu."

Tembo akatikisa masikio. Akaelekea tumboni na sululu yake.

"Na mkia, Nabii, ulicheza ngoma ya nani?"

"Yangu!" Nyani aliruka. "Tutaona nani atamaliza kwanza!"

Hapo ndipo mlipopaswa kuwapo, wanangu! Pu! pu! pu! Sululu inapanda, jembe linashuka, udongo unaruka mpaka kwenye sufuria za watu. Bondeni wakiimba wimbo wao, Kilimani wanaimba wao kwa sauti zaidi, Mitini wanapiga na makopo. Tuta lililomshinda Mama Pimbi mwezi mzima lilikuwa linaliwa kama mkate.

Yeye hakuimba. Alizunguka pale ukingoni, mtoto mgongoni, jicho moja kwenye shimo na jingine kwa Chatu. Futi mbili. Futi tatu. Jua likapanda, na jua ndilo linalomwamsha Chatu! Mama Pimbi akakata majani mapana, akamfunika mzee kichwa.

"Unamfanyia nini marehemu?" aliuliza Tembo.

"Namkinga na nzi, Baba Askofu."

Futi nne. Mara tumbo la Chatu likanguruma: ngurrrr!

Tembo akasimamisha sululu hewani. "Marehemu ananguruma."

Mama Pimbi akasogea mbele ya tumbo lile.

"Ni tumbo, Baba," alisema. "Wewe mwenyewe unalijua tumbo lake. Lazima liwe la mwisho kupata habari."

Tembo akawaza. Akaliona neno lina ukweli, akaendelea kuchimba. Lakini kule kichwani Kiboko naye akasimama, pua zimepanuka.

"Huku kwangu udongo umelowa. Nasikia harufu ya maji."

"Ni machozi, Mchungaji," alidakia Kanga, akapasua kilio kipya. "Uwiiii! Tumelia mno!"

Futi tano. Sita. Bondeni wakakutana na Kilimani, Kilimani wakakutana na Mitini. Shimo likawa moja, refu, limenyooka tangu dimbwini mpaka karibu na chemchemi. Palibaki ukuta mwembamba tu wa udongo nyuma ya Kiboko, unene wa mkate wa boflo. Mama Pimbi aliutazama ukuta ule kwa uchungu. Atasema nini wautoboe? Maneno yote yalikuwa yamemwishia.

"Simamisheni kazi!" alipiga kelele Nyani, ametoka shimoni anameremeta kwa jasho. "Sasa zamu yangu!"

"Nabii, bado kidogo..."

"Hakuna bado!" Akayatupa yale majani, akasimama mbele ya kichwa cha Chatu, akainua mikono, akavuta pumzi. "Chatu weee! Amkaaaa!"

Mkia ukatikisika kidogo.

Kisha Chatu akafumbua jicho moja. Akafumbua la pili. Akafungua kinywa, wanangu, kile kinywa kilichomeza mwiko, akapiga mwayo: "Aaaaaahm!"

"Mayooo!" Wa kwanza kukimbia alikuwa Nabii mwenyewe! Nyani alikuwa juu ya mti kabla mwayo haujaisha. Waumini wakatawanyika, sufuria zikapinduka, Tembo akajaribu kujificha nyuma ya Kanga. Na Mchungaji Kiboko, aliyekuwa bado shimoni, uso kwa uso na maiti inayopiga mwayo, aliruka kinyumenyume kwa uzito wake wote.

PU!

Ukuta ukapasuka.

Chururururuuu! Maji yakaingia. Yalimpita Kiboko, yakapita mahali pa tumbo, yakapita mahali pa mkia, yakashuka kijijini yakicheka, safi, baridi. Dimbwi likaanza kusukumwa nje, ukijani wake unaondoka vipandevipande.

Mmojammoja walirudi.

"Kuna nini hapa?" aliuliza Chatu. "Nani amekufa?"

"Wewe," alisema Kanga.

"Mimi?" Chatu akajitazama tangu mwanzo mpaka mwisho. "Basi chakula cha msiba ni changu. Kiko wapi?"

Tembo hakucheka. Alimgeukia Mama Pimbi, na kivuli chake kikamfunika mama yule pamoja na mtoto.

"Pimbi. Umetudanganya."

Mama Pimbi alitazama kushoto na kulia. Lakini hakukimbia. Angekimbilia wapi?

"Nimewadanganya, Baba Askofu."

"Umechezea mazishi! Umechezea makanisa matatu!"

"Niliwaita mara tatu kwa ukweli," alisema Mama Pimbi, na sasa alikuwa analia waziwazi, "mkabishana. Nimewaita mara moja kwa uongo, mmekuja na majembe. Ningengoja ukweli wangu, mngekuja Ijumaa. Mngechimba vizuri sana, Baba. Futi sita. Ila lingekuwa fupi."

Akamshusha Nyamizi wamwone.

Tembo alimtazama mtoto. Kiboko alimtazama. Nyani alishuka kwenye mti polepole, akamtazama naye. Shimo fupi walilijua wote, walikuwa wamechimba jingine wiki iliyopita, na mama yake kifaranga alikuwa amesimama pale pale.

Nyamizi akatambaa mpaka kwenye maji, akainama, akanywa. Hakuna aliyemwambia angoje.

Tembo alikohoa. "Basi," alisema kwa sauti ndogo kuliko alivyozoea, "tumshukuru Mungu kwanza. Nani atafungua kwa sala?"

Akangoja jibu, asilipate. Kiboko alikuwa ameinamisha kichwa majini, Nyani pembeni yake amekinga viganja, na waumini wa makanisa yote walikuwa wamejipanga ukingoni wakinywa, huwezi kujua yupi wa wapi. Tembo alisimama kidogo peke yake. Kisha naye akateremsha mkonga.

Nyamizi, mkitaka kujua, siku ya nne aliomba uji, na siku ya tano alipigwa kofi dogo kwa utundu. Chatu alipewa chakula chake cha msiba, akalala tena, safari hii akaombwa alale kwingine. Na mfereji ule mpaka leo hauna jina la kanisa lolote. Watu wa Tandikeni huuita Kaburi, na huko ndiko wanakoteka maji.

Mimi nimesema niliyoyabeba. Kayabebeni nanyi, na hili ndilo la kushika: jembe linalowahi kisimani haliitwi makaburini.